Kabla ya Shahada

Tangu ndugu na majirani walipojua kwamba siendi tena kanisani na kwamba nimeanza kuhudhuria darsa, ninaulizwa swali moja tu: umeshasilimu? Wakristo wananiuliza kwa huzuni, Waislamu wananiuliza kwa hamu, na wote wanashangaa nikiwajibu kuwa bado. Nimeona nilieleze jibu hilo kwa urefu, kwa sababu wanaonipenda wanadhani ama naogopa familia yangu ama nachezea dini za watu, na yote mawili si kweli.

Nimezaliwa Unguja katika familia ya Kianglikana yenye asili ya Masasi. Wanaoijua historia ya UMCA, misheni ya Kianglikana iliyotoka Uingereza, wanafahamu kwamba Masasi na Mkunazini ni ndugu. Askofu Edward Steere ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka hapa Unguja hadi Masasi mwaka 1876, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Katika ukoo wetu inasimuliwa kwamba bibi mzaa babu yangu alikuwa katika msafara ule. Mimi nilibatizwa Mkunazini, nikapata kipaimara Mkunazini, na baba yangu alisaliwa humo humo siku tulipomzika.

Sikuondoka kwa ugomvi. Mapadre walionilea walikuwa watu wema na sina neno nao. Kilichonitoa ni Kanuni ya Imani. Kila Jumapili, mahubiri yakiisha, waumini husimama na kukiri kwamba Yesu Kristo ni Mungu kutoka kwa Mungu, kwamba amezaliwa wala hakuumbwa, na kwamba ana asili moja na Baba. Mzizi wa maneno hayo ni mkutano wa maaskofu uliofanyika Nikea mwaka 325 ili kumjibu Ario, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Nilizisoma habari za mkutano huo kwa bidii, nikitarajia kwamba nikiielewa hoja nitaiamini. Niliielewa, nikaona kwa nini maaskofu wale waliipigania, na moyo wangu haukuikubali. Kwa muda nilikuwa nikisimama na wenzangu na kunyamaza tukifika kwenye sentensi zile, kisha nakwenda kupiga magoti kupokea Komunyo pamoja na walioyasema maneno yote kwa dhati. Nikaona kwamba siwezi kuendelea hivyo mbele ya Mungu ambaye bado nilimwamini kwa nguvu zangu zote. Niliacha Komunyo kwanza, kisha nikaliacha kanisa.

Kilichofuata ni kipindi kigumu kuliko vyote, cha kusali usiku bila ya kujua nimalizie sala kwa jina la nani.

Katika kipindi hicho ndipo nilipoanza kuisoma Kurani, katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanazuoni mzaliwa wa Unguja, iliyochapishwa mwaka 1969. Shangazi yangu alipoiona mezani aliniambia kwamba kitabu hicho hakijapata kuingia katika nyumba za watu wetu. Kwa heshima zote nilimweleza kwamba tafsiri ya kwanza ya Kurani nzima kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ni kazi ya padre wa UMCA aliyekuwa hapa hapa Zanzibar, Godfrey Dale. Dale aliifanya ili wahubiri wa Kikristo wapate kujadiliana na Waislamu, na maelezo aliyoyaongeza yanaelekea huko. Sheikh al-Farsy aliwaandikia Waislamu wenzake, kama mtu anayeusoma ujumbe uliotumwa kwake. Nilitaka kuisikia Kurani kutoka kwa mtu wa namna hiyo kabla ya kusikiliza mabishano.

Maalim wangu ni mwanamke mtu mzima anayewasomesha akina mama sebuleni kwake, baina ya alasiri na magharibi. Nilipofika kwake nilimwamkia shikamoo, nikamweleza waziwazi kwamba nimelelewa kanisani, kwamba sijasilimu, na kwamba naomba kusikiliza tu. Aliitikia marahaba, akaniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Kaa hapo mwanangu, hapa hafukuzwi mtu anayetafuta." Wenzangu walisogea kwenye mkeka nikapata nafasi. Kitabu cha tafsiri naruhusiwa kukishika, lakini msahafu wenye Kiarabu kitupu hanipi mkononi, kwa kuwa sijasilimu wala sina udhu. Huushika yeye, akausogeza karibu na uso wangu, na kunifuatishia mstari kwa kijiti cha ukuti huku nikirudia herufi zinazonishinda, hasa ile ha nzito inayotoka kooni. Hajawahi kunidharau wala kunihimiza. Akiona nimechoka hukiweka kijiti chini na kuniambia tuonje maana kidogo.

Siku tuliyosoma Suratu Maryam ilinitikisa. Nilikuwa namjua Mariamu wa Injili ya Luka, mwenye Yusufu pembeni yake, hori, na wachungaji waliokuja usiku. Maryam wa Kurani hana mtu. Uchungu wa kuzaa unampeleka kwenye shina la mtende, na hapo anasema laiti angelikufa kabla ya hayo na kusahauliwa kabisa. Anaitwa kutoka chini yake, anaambiwa asihuzunike, kwamba Mola wake amemwekea kijito cha maji, na alitikise shina la mtende limwangushie tende mbivu. Maalim alisimama hapo, akawauliza akina mama waliokwisha kuzaa kama mwenye uchungu ana nguvu ya kutikisa mtende. Wote walisema hana. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu alijua hilo, na bado alimwamrisha aweke mkono. Nimesikia mahubiri mengi mazuri ya Krismasi maishani mwangu, na hakuna hata moja lililonikalisha karibu na mwanamke yule kiasi hicho. Kisha mtoto anasema akiwa mlezini kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Hapo nilikuta limetamkwa lile nililokuwa nalinyamazia kanisani.

Lakini lipo swali zito la kwetu, na shangazi hakulificha: inakuwaje mtoto wa watu waliouzwa Mkunazini aende kwenye dini ya waliowauza? Ni haki yake kuuliza. Biashara ile ilikuwa katika utawala wa masultani Waislamu, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko mwezi Juni 1873 kwa shinikizo la manowari za Waingereza, na mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa hata baada ya hapo, kwani utumwa wenyewe ulifutiwa uhalali wa kisheria hapa Zanzibar mwaka 1897. Nami nasoma katika Suratul Balad kwamba njia ya mlima mgumu ni kumkomboa mtumwa, nasoma katika Suratut Tawba kwamba zaka ina fungu la kuwakomboa watumwa, na naona pia kwamba kumiliki mtu hakukukatazwa moja kwa moja. Upande wa pili nakumbuka kwamba Wafaransa wa visiwa vya Mauritius na Réunion, ambao walikuwa Wakristo, walinunua watu kutoka pwani hii, na kwamba merikebu zilizovusha mamilioni ya Waafrika katika Atlantiki zilikuwa za mataifa ya Kikristo. Nilimpelekea maalim swali la shangazi kama lilivyo. Hakulitetea jambo lile. Alisema, "Aya walikuwa nazo, na walifanya walivyofanya, na wataulizwa." Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko vitabu vyote vya utetezi nilivyopewa, ambavyo vingi vinajaribu kuonyesha kwamba watumwa wa Unguja waliishi raha. Sivikubali vitabu hivyo na sitavikubali hata nikisilimu.

Kuhusu msalaba nitasema machache. Suratun Nisaa, aya ya 157, inakanusha kwamba Issa, yaani Yesu, aliuawa na kusulubiwa. Mimi siamini tena kwamba kifo chake kililipa dhambi zangu, lakini kwamba alisulubiwa Yerusalemu naliona ni jambo lenye ushahidi mkubwa wa kihistoria, ulioandikwa na watu walioishi karibu na wakati wake. Maalim amenisomea wanavyosema wafasiri, na hawasemi jambo moja. Bado nasoma.

Linalonizuia hasa ni baba. Kanisani kwetu tuna siku ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba, na tangu alipofariki sijaacha kumwombea, hata katika miezi niliyokuwa siendi popote. Nilimuuliza maalim kama nitaweza kuendelea kumwombea baba msamaha nikishakuwa Mwislamu. Alinyamaza kwa muda, kisha akanisomea aya ya 113 ya Suratut Tawba, na akanieleza kwamba kwa mujibu wa wanazuoni wengi aliyefariki nje ya Uislamu haombewi maghufira. Baada ya hapo alinisimulia Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume mwenyewe aliomba ruhusa ya kumwombea mama yake maghufira na hakuruhusiwa, akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake na akaruhusiwa, naye akalia pale hata waliokuwa naye wakalia. Alinisimulia huku akifuta macho. Niliondoka nikiwa nampenda Mtume kuliko nilivyofika, na nikiwa sijui nitaibebaje hukumu ile.

Jirani mmoja, ambaye nia yake ni njema, huniambia kwamba kifo hakina miadi, kwa hiyo nitoe shahada sasa, yaani nishuhudie kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu na kwamba Muhammad ni Mtume wake, na mengine nitajifunza ndani. Maalim naye amenionyesha aya ya 14 ya Suratul Hujurat, ambamo mabedui wanaambiwa waseme kwamba wamesilimu, kwa kuwa imani bado haijaingia nyoyoni mwao. Anasema Mwenyezi Mungu hakuwafukuza, bali aliwaambia kwamba wakimtii yeye na Mtume wake hatawapunguzia chochote katika amali zao. Nimeifikiri sana hoja hiyo na naikubali kuwa ni ya rehema. Lakini Suratul Munafiqun inaanza kwa watu waliokuja kwa Mtume wakishuhudia kwamba yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, maneno ya kweli kabisa, na Mwenyezi Mungu akashuhudia kwamba wao ni waongo, kwa sababu nyoyo zao hazikuwa na walichokisema. Mimi niliondoka kanisani kwa kuwa sikuweza tena kukiri kwa ulimi nisichokiamini. Sitaki kuingia msikitini kwa mlango ule ule niliotokea kanisani.

Kwamba Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, naweza kushuhudia leo bila ya kusita. Nusu ya pili ya shahada, ile ya Mtume, naiendea kwa kusoma sira, yaani historia ya maisha yake, na nimefika kwenye mkataba wa Hudaybiya alioufanya na watu wa Makka. Ramadhani iliyopita nilifunga pamoja na majirani, nao walinikaribisha futari bila ya kuniuliza lolote. Mama anaogopa kunipoteza, nami nimemsomea aya ya 15 ya Suratu Luqman, inayomwamrisha mtoto akae na wazazi wake kwa wema hata wanapotofautiana naye katika dini. Aliniomba niirudie, nikairudia.

Aliyepita njia hii akiwa na mzazi aliyefariki Mkristo, ningemshukuru sana akinieleza anafanya nini kwa ajili ya mzazi huyo sasa: anamwombea kwa maneno gani, na kama haombi, siku ile ya Novemba inapofika huipitishaje.