Amplifaya ilikuwa inazima kila besi ikigonga, kumbe shida ni waya

Kwa miezi miwili amplifaya ya Probox yangu ilinitesa sana, niko Thika Road usiku napandisha sauti kidogo, besi inagonga mara tatu nne inanyamaza, taa nyekundu ya protekti (amplifaya imejizima kujilinda) inawaka, nikipunguza inarudi. Fundi mmoja Kirinyaga Road aliifungua akainusa akaniambia, "Boss, hii imeungua ndani, nunua ingine." Karibu nikubali. Lakini kitu imeungua haifufuki ati kwa sababu umeshusha sauti, hapo ndio nilisita.

Nikanunua mita Luthuli Avenue, nikaiweka volti za DC. Betri gari ikiwa imezimwa 12.6, injini ikinguruma 14.2, iko sawa. Kwa terminali za amplifaya huko buti, bila muziki 14.0, besi ikiingia inaanguka mpaka 10.4, ndio maana inajizima! Sasa hizo volti zinaenda wapi? Hapa ndio nakuomba usitoe pesa yoyote kabla hujapima hivi: acha muziki upige kwa nguvu, ncha moja ya mita weka pozitivu ya betri, ingine pozitivu ya amplifaya (mimi nilirefusha na kipande cha waya kwa sababu mita haifiki). Nikapata 0.3, hizo ndio volti zinapotea njiani, sio mbaya. Nikafanya vile vile negativu kwa negativu, 3.2. Volti tatu na zaidi zinapotelea kwa kawaya kafupi kamefungwa kwa bodi ya gari!

Nikatoa negativu ya betri, nikafungua bolti inayoshika hako kawaya kwa bodi. Ringi ya waya ilikuwa imekalia rangi, ni meno ya bolti tu yalikuwa yanashika chuma, na plastiki ya waya hapo imeyeyuka imekuwa nyeusi. Nikaikwangua na kisu, ndani nyeupe, ni alumini imepakwa shaba juu. Nikasugua bodi na msasa mpaka chuma ikang'aa, nikaweka waya ya shaba halisi geji 4, unene sawa na ya pozitivu, haifiki nusu mita, nikakaza na kupaka grisi isishike kutu.

Kilichonishtua zaidi ni fyuzi kubwa, ilikuwa imewekwa buti kando ya amplifaya, na waya ya betri inapita kwa tundu la chuma, ikichunika hapo hakuna kitu ya kuikata, gari inashika moto. Nikaihamisha sentimita 30 kutoka betri, tundu nikalivalisha mpira.

Kupima tena negativu, 0.1. Jioni nikaenda mpaka Juja na besi juu, haikuzima hata mara moja.