Ukiona Sawa

Leo ni Jumapili tena, wiki nzima imepita, na bado mtu akisema "sawa" karibu yangu moyo unashtuka.

Mambo yamekuwa mengi. Jumamosi ile nilipata wiketi 4, yaani wapigaji wanne niliwatoa, kwenye nusu fainali ya kriketi, Jumapili tukashindwa fainali, Jumatano baba akatolewa mtoto wa jicho, Ijumaa baada ya Alasiri dada yangu Swafiya akaposwa. Kila moja lilistahili kuandikiwa siku yake, na picha za posa niliwaahidi, mwenyewe ameshanikumbusha mara tatu. Nitaziweka. Lakini kila nikikaa kuandika, yanayonijia ni maneno mawili niliyoyasema pale uwanja wa Nairobi Gymkhana, na mpaka niyatoe hakuna lengine litakalotoka.

Wengi mmeniandikia mkiuliza kwa nini sikupewa ova ya mwisho ya fainali, ile mipira sita ya kumalizia. Baadhi yenu mmekuwa wakali kwa kapteni. Mwacheni. Alinipa.

Ilikuwa hivi. Sisi tulipata mikimbio 138, hizo ndizo alama zenyewe. Wao, ova 19 zilipokwisha, walikuwa na 130, wanataka 9 ili wabebe kikombe, na mipira iliyobaki ni 6. Mimi nilikuwa nimerusha ova 3, wiketi 2, na nimetoa mikimbio 14. Kila mrushaji ana ova 4 tu kwenye mechi hizi fupi, kwa hivyo ilinibakia moja. Na si kwamba ilinibakia kwa bahati. Nilipomaliza ile ya tatu, kapteni alinigonga bega akaniambia, "Moja nakuwekea."

Basi nikakaa nayo moyoni. Tangu wakati huo nimesimama kule mpakani nikijua kwamba saa yangu inakuja. Manyunyu yalikuwa yameanza, nyasi zimelowa, na sisi tunaorusha polepole, tunaouzungusha mpira kwa kidole, ukilowa unatuponyoka kama sabuni. Kila ulipopita mkononi mwangu niliufuta. Nilikuwa na kitambaa nimekipachika kiunoni, kile cha kijani mama anachofunikia mkate wa mofa, amenikatia kipande. Naufuta kwanza mshono, halafu upande mmoja, halafu wa pili, ndipo naurudisha kwa mwenzangu. Vidole vilikuwa vya baridi, nikavitia kwapani mpaka vikapata moto. Nilijaribu kidole cha shahada juu ya uzi: ule uzi unakwaruza sugu iliyopo hapo, nikajua utanishika.

Na nilijua mpira gani nitarusha. Mnakumbuka nilivyolalamika siku ya kwanza. Kwetu Mombasa hewa ya bahari ni nzito, mpira unachepuka hewani kabla haujagusa pichi, mpigaji anaufuata anaukosa. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa nyepesi, ukirusha kama ulivyozoea unapita tu umenyooka. Wiki nzima nikajifunza upya: polepole zaidi, juu zaidi, kidole kifanye kazi ambayo hewa haifanyi. Kufikia fainali nilikuwa nimeshaipata. Nilikuwa naisikia mwilini.

Kapteni akaja akitembea, mpira mkononi, akasimama mbele yangu akaninyooshea ule mpira. Akaniuliza, "Utaiweza?"

Nikamwambia, "Ukiona sawa."

Aliniangalia, sidhani kama zilifika sekunde mbili. Mpira ulikuwa bado baina yetu. Kisha akaurudisha mkono, akageuka, akamrushia kijana wetu anayerusha kwa kasi.

Waidi, yaani umepotoka kando, wakapata moja ya bure na mpira ukarudiwa. Nne. Patupu. Moja. Nne. Ikawa 140, na mipira 2 imebaki haikurushwa. Kijana alipiga magoti pale pale kwenye pichi, nikaenda nikamwinua, alikuwa akitetemeka mwili mzima. Ana miaka 19. Hana kosa hata chembe, na atakayemwandikia neno baya asije kunisoma tena.

Usiku, kwenye basi la kurudi hotelini, nilikaa kando ya kapteni. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimuuliza tu, kwa nini alibadilisha nia.

Akasema, "Nilikuuliza na hukunijibu."

"Nilikujibu."

"Hukunijibu, ndugu yangu."

Wala hakukasirika. Aliyasema kama mtu anayekuhesabia chenji. Nikageukia dirishani, na mpaka Miritini, tukiingia Mombasa siku ya pili, sikumbuki kama niliongea na mtu.

Nimeshalijibu lile swali mara mia tangu siku hiyo. Nikioga, najibu, "Naam." Nikiwa ofisini Kilindini nimepanga karatasi za kontena, kalamu inasimama na mimi najibu, "Nipe." Jana kwenye feri, nimebanwa baina ya mkokoteni wa nazi na mama mwenye mtoto mgongoni, nimejikuta mkono wa kushoto umenyooka wenyewe, kiganja juu. Mama yule akadhani nataka kumshika mtoto. Nikamwomba radhi.

Nimejaribu kujiuliza kama nilikuwa na woga. Ningekuwa na woga ningelala, kwa sababu jibu lingekuwa ni hilo, na mtu hulipwa kwa woga wake anavyostahili. Lakini sikuwa nao. Nilisema ndiyo. Kinywani mwangu, na masikioni mwangu, ile ilikuwa ndiyo iliyovaa kanzu.

Nyumbani kwetu ndivyo tulivyofunzwa. Mkubwa akikunyooshea kitu hukirukii. Ukiulizwa kama utakula, unasema msijisumbue, na sahani inakuja. Ukiulizwa kama utaiweza kazi, unasema inshallah, au ukiona sawa, na kazi inakuwa yako. Kusema "naam, naiweza, nipe" kwa mtu aliye juu yako ni kujipakaza asali mwenyewe. Ijumaa wazee wa upande wa pili walipomuuliza baba kuhusu Swafiya, baba, jicho limefunikwa, alisema, "Sisi hatuna neno." Hatuna neno! Na pale pale ikasomwa Fatiha, haluwa ikakatwa, vigelegele juu mpaka paka wakakimbia. Hakuna aliyesema, mzee hukutujibu.

Nilisimama mlangoni na buli la kahawa, nikatamani kapteni angekuwepo aone.

Halafu hasira ikanigeukia mimi mwenyewe, kwa sababu kapteni si mkwe. Tuko pamoja misimu miwili, nalipwa kurusha mpira, na yeye alikuwa na nusu dakika ya kuamua, mvua ikimnyeshea usoni. Aliuliza swali la kazi akataka jibu la kazi. Nilimpa adabu.

Hapo ndipo nilipokuwa mpaka jana usiku.

Jana baada ya Isha baba aliniita barazani. Kwa wageni wetu, ikiwa wapo: baba ndiye aliyekuwa akiandika daftari la alama za kriketi kila Jumamosi kabla hata sijazaliwa, na madaftari yote yamo kwenye sanduku lile la mvule chini ya kitanda. Daktari amemkataza kuinama, kwa hivyo nililitoa mimi. Jicho la kulia lina kikinga cha plastiki kimebandikwa kwa plasta, la kushoto ndilo linalofanya kazi ya mawili. Akasema, "Nisomee fainali yako. Mpira kwa mpira."

Kabla ya kuanza alifungua daftari la mwaka 2003. Alijua ukurasa kwa kidole. Ni mechi ya Kenya na Australia, Durban, tarehe 15 Machi, Kombe la Dunia. Nilikuwa darasa la sita, na baba alikaa mbele ya televisheni na penseli yake akaiandika yote kana kwamba klabu imemtuma. Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, mkono wa kushoto kama wangu, miaka 39, ameshastaafu akaitwa kurudi. Ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wiketi 3, na Ricky Ponting ni mmoja wao. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Mwandishi wa alama, mpira ukiwa mtupu, anatia nukta. Nukta sita zikitimia anaziunganisha kwa mstari ziwe herufi M. Kwenye ukurasa ule ziko M sita, penseli imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea, ukipitisha kidole kwa nyuma unazisoma kama kipofu. Australia walishinda, na kombe walilibeba, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa Karim.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikizipapasa zile M kabla ya kulala.

Basi nikaanza kumsomea. Nilikuwa na alama zote kwenye simu. Ova yangu ya kwanza: nukta, moja, nukta, nne, wiketi, nukta. Akanisimamisha kwenye wiketi. "Ulizunguka?" Nikamwambia ulizunguka, ukagusa ukingo wa gongo la mpigaji, ukaingia mikononi mwa mdakaji. "Nani alikukaushia mpira?" Mimi mwenyewe. "Kwa kitambaa gani?" Nikamwambia cha mama, cha mofa. Baba akacheka, akacheka mpaka mama akapiga kelele kutoka ndani kwamba daktari amesema asicheke, jambo ambalo daktari hakulisema.

Sijui niwaeleze vipi. Kila mpira nilioutaja ulirudi. Ova ya tatu, mpira wa tatu, uliokwenda umenyooka na mpigaji akaucheza kama unazunguka, akasikia vijiti anavyovilinda vinalia nyuma yake: nilimwelezea baba kwa mikono yote miwili, nimesimama barazani, na vijana wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilikumbuka kwamba nilirusha vizuri. Nilirusha vizuri sana. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Tukafika ova ya ishirini. "Nani?" Nikamtajia jina la kijana. Penseli ikasimama.

"Si ulikuwa na moja?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, kapteni alivyokuja, mpira ulivyokuwa baina yetu, alivyouliza. "Nikamwambia, ukiona sawa."

Baba akasubiri. Alidhani kuna mengine.

"Eeh," akasema. "Umemjibu. Basi mbona hakukupa?"

Nilishindwa kusema kitu. Koo lilinikaba. Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja aliyesikia nilichosema, ana jicho moja, yuko Kibokoni, na daftari hana mamlaka ya kulibadilisha.

Akaandika. Kwa waidi alitia msalaba mdogo, halafu nne, nukta, moja, nne. Mistari yake siku hizi inapanda juu kidogo kwa upande wa kulia, kwa sababu ya lile jicho. Akajumlisha. Kwenye mstari wenye jina langu visanduku vitatu vimejaa, cha nne kitupu. Kawaida ya baba, na amenifunza tangu mdogo, kisanduku ambacho hakikutumika hupigwa mstari, mtu asije akakijaza baadaye. Jana hakukipiga. Alifunga daftari akaniambia nilirudishe sandukuni, na niangalie kama matone ya jicho ya saa nne yameshafika wakati.

Sijui kama hakukiona au alikiacha. Sikumuuliza, na leo asubuhi nimefungua daftari kuangalia kwa mwanga wa jua, kisanduku bado kiko wazi.

Kapteni ameniandikia leo. Mazoezi yanaanza Jumatano, anauliza kama nitaweza kupanda. Simu iko hapa pembeni. Nimeandika "Naja" na bado sijaituma, nataka kwanza kuzungumza na ofisi.

Na maji ya kisima chetu yameingia chumvi. Tangu Alhamisi chai ina ladha ya bahari, mama alidhani ni majani, akabadilisha duka. Leo nimeonja moja kwa moja kutoka ndooni, ni kweli. Jirani wa nyuma anasema chake kilianza hivyo hivyo mwezi uliopita na sasa anafulia tu. Fundi wa pampu amesema atakuja kesho akipata nafasi, nami nina wageni wa Swafiya wanaokuja Alhamisi, watu si chini ya thelathini, na mtungi wa maji ya kununua umepanda bei tena.