Nilivyoukadiria Mto Ruvu kwa Takwimu za Mvua

Nilipewa kazi ya kukadiria maji yaliyopita katika Mto Ruvu, kwenye daraja la barabara ya Morogoro, kwa miaka ambayo vipimo vya mto havikuandikwa, nikiwa na takwimu za mvua peke yake. Mkuu wangu wa kazi alinihakikishia kwamba ni shughuli ya alasiri moja: panga mvua upande huu, mtiririko upande ule, chora mstari, basi. Alasiri hiyo ilidumu miezi minne, na nauli za Morogoro nimeacha kuzihesabu.

Ushauri wake wa pili ndio ulioniponza. Siku zisizo na kipimo cha mvua, alisema, zijazwe sifuri ili kompyuta isigome. Nilitii. Mchoro ulipotoka nikaona mto umefurika katikati ya Aprili, masika yenyewe, ilhali faili langu lilidai kwamba kwa wiki tatu halikudondoka hata tone kwenye milima ya Uluguru. Kwa siku mbili nzima nilijitungia nadharia za chemchemi na maji ya chini ya ardhi, na nusura niziingize kwenye ripoti, mpaka nilipolifunua daftari lenyewe na kubaini kwamba msoma kipimo alikuwa hayupo. Mapengo yale niliyajaza upya kwa vituo jirani na kwa makadirio ya mvua ya CHIRPS, yanayotokana na setilaiti, ambayo yanaanzia mwaka 1981.

Hata hapo mstari haukutulia, kwa sababu milimita 40 za Novemba, ardhi ikiwa imekauka, haziuinui mto kama milimita 40 za mwisho wa Aprili. Kiangazi mstari ulithubutu hata kunipa mtiririko hasi, yaani Ruvu inayopanda kurudi Uluguru! Dawa yake, ambayo najivunia ingawa wengine waliijua kabla yangu, ilikuwa safu moja tu: chukua kielezo cha unyevu wa ardhi cha jana, kizidishe kwa 0.9, ongeza mvua ya leo. Hiyo 0.9 niliipata kwa kujaribu tarakimu moja baada ya nyingine, usiku, nikila vitumbua. Mvua niliirudisha siku moja nyuma, kwa kuwa kinachosomwa saa 3 asubuhi ni mvua ya saa 24 zilizotangulia, na mtiririko nikaugeuza kuwa logarithi, hasi zikatoweka. Anayerudi kutoka kwenye logarithi asisahau kusahihisha, la sivyo wastani wa mto utapunjika.

Miaka michache yenye vipimo vya mto nilikuwa nimeificha tangu mwanzo, isitumike kuchora mstari, nayo ndiyo iliyoamua: mtiririko wa kawaida ulifuatana vizuri na uliopimwa. Vilele vya mafuriko bado mstari unavikadiria chini ya vilivyopimwa, na siushangai mstari wangu, kwa kuwa hata takwimu za mto za siku hizo zilitokana na kina kilichosomwa kwenye ubao wa vipimo uliosimama mtoni, kikageuzwa kuwa mtiririko kwa mkunjo uliorefushwa kupita vipimo halisi. Hakuna aliyeingia majini na kipimakasi.