Saa ya Huku na Nusu ya Kule

Nimeishi Uingereza tangu 1999, na mpaka leo nikiona 16:30 siielewi kabla sijaigeuza kichwani iwe saa kumi na nusu. Wanangu hunicheka. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakouguza, hakuna aliyewahi kulijua hilo, maana sikuwahi kukosea zamu hata siku moja. Nilikosea mara moja tu, Septemba 2018, mjini Napoli, Italia, na siku hiyo meli ikaniacha.

Safari yenyewe nilijinunulia nilipotimiza miaka hamsini. Dada yangu mkubwa, nilipompigia Unguja kumwambia naenda kupanda meli ya kitalii peke yangu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Una nini weye?" Kwetu mwanamke hupanda meli kwa sababu: msiba Pemba, harusi Dar, mgonjwa Muhimbili. Kupanda meli ili iende na irudi, na wewe ndani yake huna unachokifuata, hilo lilimshinda.

Na si bei rahisi kwa mtu mmoja. Chumba huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, kwa hiyo ukienda peke yako unalipia na mahali pa mwenzio asiyekuwepo. Mimi nililipa karibu mara mbili. Usiku wa kwanza nililala upande wa kushoto wa kitanda, wa pili nikalala kulia, nisipunjike.

Tulipandia Genova. Chakula cha jioni cha kwanza, nimekaa kwenye meza yangu ya mtu mmoja, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo mama." Nilitaka kudondosha kijiko. Alikuwa mhudumu, kijana wa Likoni, ameliona jina langu kwenye orodha na mtandio wangu kichwani, akapiga hesabu yake. Kutoka hapo akawa ananiletea chai kabla sijaiomba, na ushauri vilevile.

"Mama, ukishuka na basi la meli likachelewa, meli inangoja. Ukienda zako, umechelewa zako. Meli haina mjomba."

Akaniambia kila usiku ile karatasi ya ratiba wanayoacha kitandani niipige picha, maana chini yake kuna namba ya wakala wa bandari ya kesho. Nikaipiga. Nilikuwa mtiifu. Kasoro yangu ni kwamba niliisoma nusu usingizi, miwani iko mezani. Ilikuwa na saa mbili zimeandikwa, moja chini ya nyingine: 16:30 abiria wote wawe ndani, 17:00 meli inaondoka. Mimi nikachukua saa ya huku na nusu ya kule nikazibandika pamoja. Nikalala nikijua mwisho ni saa kumi na moja na nusu.

Asubuhi nilishuka saa nne bila haraka. Wenzangu wengi walipanda mabasi ya meli. Mimi nilitembea mpaka kituo cha Municipio, nikapanda treni ya chini ya ardhi hadi Garibaldi, pale nikaipata ile treni inayopita mguuni mwa Vesuvio, mlima wa volkano. Kiasi cha dakika arobaini ukawa umefika Pompei, na lango la magofu liko hatua chache tu kutoka stesheni.

Nilidhani nitaangalia mahekalu. Nikakwama kwenye duka la mkate.

Mama yangu alikuwa akipika mikate ya mofa na kuiuza Malindi ya Unguja, nyumba ya tatu kutoka bandarini, kwa hiyo tanuri nikiliona nalijua. Lile la Pompei ni la matofali, limezunguka juu kama kuba, na mdomo wake kwa ndani bado mweusi. Mbele yake yamesimama mawe ya kusagia ya volkano, jiwe juu ya jiwe, yamebanwa kiunoni, na jiwe la juu lina matundu ya kutia gogo ambalo punda alilisukuma akizunguka. Niliingiza vidole kwenye tundu moja. Kingo zake laini, zimelika kwa kazi. Kwenye duka jingine la mji huohuo walikuta mikate 81 ndani ya tanuri, imegeuka makaa lakini bado mviringo, kila mmoja umechorwa vipande vinane tayari kwa kukatwa. Aliyeitia mwaka 79, volkano ilipoufukia mji, hakurudi kuitoa. Nilisimama pale nikimfikiria mama, ambaye alikuwa haondoki kando ya tanuri hata mgeni akipiga hodi. "Mofa haina subira," alikuwa akisema.

Nikazunguka, nikakaa kivulini, nikazunguka tena. Saa tisa na nusu nilikuwa stesheni, roho yangu kwatu, nimekunywa maji, nikatoa simu kuangalia kama nina nafasi ya kahawa mjini.

Nikaisoma ile picha. Nikavaa miwani. Nikaisoma tena.

Treni ilikuja saa kumi kasoro dakika kumi, kwa wakati wake. Sina wa kumlaumu. Nilisimama mlangoni nimebanwa kati ya masanduku, nikampigia wakala. Akapokea mwanamke. Walikuwa wameshajua: kadi yangu ya chumba ilionyesha nimetoka saa nne na sijarudi.

"Uko na nani?" akaniuliza.

"Peke yangu."

"Nitawaambia. Lakini siahidi."

Swali lile lilinichoma kuliko jibu lake. Ukiwa wawili, mmoja hutangulia mbio akaweka mguu kwenye ngazi, akalia, akaugua ghafla, akafanya lolote. Mimi nilikuwa na miguu miwili tu, na yote ilikuwa bado njiani, Torre del Greco.

Garibaldi tuliingia saa kumi na nusu kamili. Ngazi za umeme zinazoshuka kwenye treni ya chini hazina mwisho, na chini kule ubao ukaniambia inayofuata ni baada ya dakika kumi na moja. Vituo viwili tu: Università, Municipio. Nilipochomoza juu, ngome ya minara mizito iko kando yangu, ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Nikakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini, raba miguuni, mtandio umeanguka mabegani, mfuko unanipiga kiunoni.

Nilipofika kwenye uzio, kati ya meli na gati palikuwa na ufa wa maji. Upana wake kama mlango. Kisha kama milango miwili. Ajabu jinsi kitu kikubwa vile kinavyoondoka bila kelele.

Juu kwenye sitaha watu wamejipanga. Wengine wakanipungia, na nikaona simu mbili tatu zimeinuliwa. Sikuwakasirikia, na nina sababu. Kaka yangu alikuwa papasi miaka ya tisini, akiwatembeza wageni wa meli mitaa ya Mji Mkongwe, na sisi wadogo zake burudani yetu ya jioni ilikuwa kukaa barazani kuwangoja waliochelewa. Wanakuja mbio wamekumbatia vinyago na vikapu vya viungo, kofia mkononi, nyuso nyekundu, sisi tunapiga makofi na kushangilia kama mpira. Kulikuwa na bibi mmoja alivua viatu akakimbia peku. Tulimwiga mwezi mzima. Sikumbuki kama aliiwahi meli yake. Haikutupitia hata kuuliza.

Yule mwanamke wa wakala alinikuta bado nimeshika uzio. Alikuwa na bahasha ya kaki. Ndani pasi yangu, iliyotolewa kwenye kisefu cha chumbani, na pamoja nayo dawa zangu za presha, zimefungwa kwa mpira. Pasi niliitegemea, huo ndio utaratibu wao mtu akikosekana. Dawa zilinishangaza. Nani aliyekumbuka dawa?

"Meli yako kesho iko Palermo," akasema. "Na usiku huu kuna boti ya kawaida inakwenda Palermo." Akanyoosha kidole upande wa pili wa bandari, kama mtu anayekuonyesha daladala. Hasira nilizokuwa nimeziandaa zikakosa pa kwenda.

Saa mbili usiku nilikuwa ndani, tiketi ya kiti, si ya kitanda. Madereva wa malori, kina mama na mifuko yao ya plastiki, watoto wametandikiwa mablanketi chini kati ya viti, harufu ya mafuta na chakula cha nyumbani. Ilikuwa meli ya Pemba kabisa, ila bila kuku. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinimegea mkate wake bila kuniuliza lolote, nikaupokea bila kumweleza lolote. Nikajifunika mtandio usoni nikalala usingizi ambao sikuupata usiku wowote kwenye chumba changu cha kulipia mara mbili.

Palermo tulifika alfajiri, mlima umekaa juu ya bandari kama mzee barazani. Meli yangu haijaja. Nje ya lango bwana mmoja alikuwa ndiyo kwanza anawasha moto chini ya karai; nikanunua mkate wa ufuta uliotiwa ndani vitu vya unga wa dengu vya kukaanga. Bajia! Wanaziita jina lao, lakini ni bajia. Nikakaa juu ya kizuizi cha saruji nikala polepole, mpaka saa mbili kasoro, ilipochomoza nyuma ya gati, nyeupe, kubwa, ikijivuta. Niliingoja ifunge kamba zote.

Ndani, nilipochanjisha kadi, mlinzi alitazama skrini, akanitazama mimi, akatabasamu tu. Nikaenda moja kwa moja kunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyesema habari ya dawa?"

Akajishughulisha kupanga vijiko. "Walikuita jina kwenye spika mara tatu. Nikamwambia wa vyumbani, yule mama humeza vidonge kila baada ya chakula."

Akamimina chai. Hakuniuliza nililala wapi. Alipokwisha kuweka sukari akasema, "Leo mwisho ni 17:30, mama. Nikuandikie?"

"Niandikie kwa Kiswahili."

Akachukua kitambaa cha karatasi, akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwa herufi kubwa: SAA 11 NA NUSU.