Nyongeza ya malipo ya meno ilipita bungeni, ikabidi tuifuate hadi ilipokwama

Bunge la jimbo lilipitisha nyongeza ya malipo ambayo bima ya serikali huzipa kliniki za meno, gavana akatia saini, tukapongezana. Tarehe ya kuanza ikafika, ikapita. Karatasi za malipo zikaendelea kuja na bei zilezile: D7140, namba ya huduma ya kung'oa jino la kawaida, kiwango cha zamani. Kuziba na kusafisha, vilevile.

Nasimamia madai ya bima kwenye kliniki ya meno hapa Marekani. Wagonjwa wetu wengi wanatumia Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na wamo Wakongo na Warundi wengi ambao mimi ndiye ninayewapokea kwa Kiswahili. Najua malipo yakiwa duni nini hutokea: mama anapiga simu kliniki baada ya kliniki na kote anaambiwa hawapokei wagonjwa wapya wa Medicaid. Mwaka 2007 huko Maryland, Deamonte Driver, mtoto wa miaka 12, alifariki baada ya maambukizi ya jino kufika kwenye ubongo. Kuling'oa kungegharimu kama dola 80. Mama yake alikuwa amehangaika kumtafutia ndugu wa Deamonte daktari wa meno anayepokea Medicaid. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba hizi ni kelele za madaktari wanaotaka kutajirika.

Ushauri mbaya tuliupata mwingi. Ulionikera zaidi ulitoka kwa daktari mmoja mtu mzima, ninayemheshimu, aliyesimama kikaoni akasema tukatae wote wagonjwa wa Medicaid mpaka tulipwe. Watu wakapiga makofi! Mwanasheria wa chama cha madaktari wa meno akawatuliza: mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mawakili wa Washington waliogoma kwa pamoja ili serikali iwaongeze malipo walivunja sheria ya ushindani. Kliniki binafsi ni washindani kisheria. Kila mmoja anaweza kujitoa kivyake, lakini kupatana kugoma ni kosa. Kwenda bungeni pamoja kudai, hiyo ni haki yetu. Na hata kama sheria ingeruhusu, anayeumia ni yule mama.

Tukaacha barua za malalamiko, tukaiuliza ofisi ya jimbo swali moja tu kwa maandishi: mliyapeleka lini mabadiliko haya serikali ya shirikisho, na wamewauliza nini? Maana bunge la jimbo likishaamua, viwango vipya huombewa idhini CMS, ofisi ya shirikisho inayosimamia Medicaid. Ina siku 90 za kujibu, lakini ikiandika kuomba maelezo zaidi, hesabu ya siku inasimama hadi jimbo lijibu. Ndipo ilipokuwa imelala nyongeza yetu. Maswali ya CMS yalishakuja, majibu ya jimbo hayajaenda. Tulibeba karatasi ya jibu hilo hadi kwenye kamati ya bajeti ya afya. Muda wa kuzungumza ni dakika chache, nami nilizitumia zote kuuliza: majibu yatatumwa tarehe gani? Mbunge mmoja akamgeukia ofisa wa jimbo akamrudishia swali lilelile. Yule ofisa akataja tarehe, ikaandikwa. Gharama yetu ilikuwa mafuta, maegesho na chakula, dola mia na ushee hivi.

Sasa hili la kudai bei kamili naomba mlisome vizuri, kwa sababu ndilo lililotuokoa. Tangu mwanzo nilisisitiza kliniki iandike kwenye kila dai bei yake ya kawaida, ile anayotozwa mtu asiye na bima. Kliniki nyingi huandika kiwango cha Medicaid chenyewe ili vitabu vionekane safi. Lakini majimbo mengi hulipa kile kilicho kidogo kati ya kiwango chao na ulichodai. Tuseme kiwango cha zamani ni dola 80 na kipya ni 110. Uliyedai 80, siku kompyuta ya jimbo inarudia kukokotoa madai yote ya nyuma kwa kiwango kipya, inaona umelipwa ulichoomba. Unapata sifuri. Uliyedai 190 unaongezewa 30.

Rafiki yangu wa kliniki nyingine alinibishia, “Dada, mhasibu wetu hataki tofauti kubwa vitabuni.” Nikaenda kwake jioni, tukafungua dai moja kwenye skrini, nikamwonyesha safu ya bei iliyodaiwa na safu ya iliyolipwa. Zilikuwa sawa hadi senti. Akabadilisha usiku uleule, na madai ya kuanzia hapo yote yakaja kuongezewa.

Idhini ikaja, na kwa kuwa inaweza kuanzia siku ya kwanza ya robo mwaka ambayo ombi lilipelekwa, malipo ya nyuma yalifuata kwa mkupuo. Kompyuta imewaruka wagonjwa waliohama mpango mmoja wa bima kwenda mwingine katikati ya kipindi hicho. Hao nawafuatilia dai moja moja, na bado sijawamaliza.