Unaogopa Nini Hasa? Kuhusu Dawa za Kutuliza Hofu ya Matibabu ya Meno

Katika kazi yangu ya udaktari wa meno, swali ninaloulizwa mara nyingi, na mara nyingine kwa simu kabla mgonjwa hajathubutu hata kufika kliniki, ni kama inawezekana alazwe usingizi kabisa, atibiwe, kisha azinduke kila kitu kikiwa kimekwisha. Sioni sababu ya mtu yeyote kuona haya kwa kuuliza hivyo. Mtu aliyekaa na jino bovu miaka mingi, akimeza dawa za maumivu usiku na kutafuna kwa upande mmoja tu, hakufanya hivyo kwa uzembe. Alikuwa akipima maumivu anayoyajua na hofu asiyoweza kuistahimili, na kila mara hofu ikawa nzito zaidi. Hata hivyo, kabla ya kutaja dawa yoyote, humuuliza mgonjwa wangu swali moja: unaogopa nini hasa? Njia za kumtuliza mtu ni nyingi, zinatofautiana sana kwa nguvu na kwa hatari, na inayomfaa haiwezi kujulikana kabla hofu yake yenyewe haijajulikana.

Yupo anayeogopa sindano peke yake, na akishapigwa ganzi anatulia kama hakuna kitu. Yupo anayevumilia sindano lakini mlio wa mashine ya kutoboa jino ukianza, jasho linamtoka viganjani. Mwingine hana shida na maumivu hata kidogo, ila kioo kikigusa nyuma ya ulimi anahisi kutapika papo hapo. Wapo pia waliong'olewa meno utotoni wakiwa wameshikwa mikono na miguu, na kinachowatisha ni kule kulala chali, mdomo wazi, bila uwezo wa kusema basi. Lipo dodoso fupi linalotumika sana duniani, la maswali 5, ambalo humpa mgonjwa alama kuanzia 5 hadi 25, na anayefikisha 19 au zaidi huhesabiwa kuwa na hofu kubwa. Nalithamini kwa sababu humwezesha mtu kuandika asichoweza kukisema, lakini alama haziniambii chanzo. Chanzo hupatikana kwa mazungumzo, naye mgonjwa akiwa ameketi wima, hajalazwa kitini.

Kwa baadhi ya watu, mazungumzo hayo pamoja na makubaliano ya wazi yanatosha. Tunakubaliana kwamba akiinua mkono wa kushoto ninasimama mara moja, bila kusema "nimalizie kidogo tu", na ninamwonyesha mara ya kwanza kwamba nitasimama kweli. Ninamweleza kila hatua kabla ya kuifanya, ninapaka dawa ya ganzi juu ya fizi na kuiacha ifanye kazi kabla ya sindano, kisha ninaisukuma dawa ya sindano polepole, kwa kuwa sehemu kubwa ya maumivu ya sindano hiyo hutokana na kasi ya dawa kuingia kuliko ncha yenyewe. Kwa wenye hofu iliyokita mizizi, tiba ya kisaikolojia inayomzoesha mtu hatua kwa hatua ina ushahidi mzuri, na matokeo yake hudumu kuliko ya dawa yoyote nitakayoitaja hapa.

Jambo moja lazima liwe wazi kabla hatujaendelea. Dawa ya kutuliza haichukui nafasi ya ganzi. Hata mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa ya mshipani bado anahitaji kuchomwa ganzi karibu na jino, kwa sababu dawa hizi kazi yake kubwa ni kupunguza wasiwasi, na mwili wenye usingizi nusu ukiumizwa hushtuka, hukunja mikono na kufunga mdomo. Tofauti ni kwamba sindano ya ganzi huchomwa baada ya hofu kushuka, na wengi hawaijali tena wakati huo.

Njia nyepesi kuliko zote ni gesi ya nitrasi oksidi, ambayo wengi huijua kama gesi ya kucheka. Historia yake ni ya madaktari wa meno wenyewe. Mnamo Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria onyesho la gesi hiyo, akamwona mtu aliyeivuta akijiumiza mguu bila kuonyesha kuhisi maumivu. Siku iliyofuata Wells aliivuta mwenyewe na kumwachia mwenzake John Riggs amng'oe gego. Mapema mwaka 1845 alijaribu kuonyesha ugunduzi huo mbele ya madaktari wa Boston, lakini mgonjwa alipiga kelele wakati wa kung'olewa, na watazamaji wakamkebehi Wells. Mimi husoma kisa hicho kwa huruma, kwa kuwa alichokiona Wells kilikuwa cha kweli. Gesi hiyo hupunguza maumivu kwa kiasi, ila haiaminiki peke yake mtu anapong'olewa jino.

Leo gesi hiyo hutolewa ikiwa imechanganywa na oksijeni, kupitia kifuniko laini kinachokaa puani. Mashine za kisasa za kliniki ya meno zimeundwa ili mchanganyiko usipungue asilimia 30 ya oksijeni, kiwango kinachozidi kile cha hewa ya kawaida, ambayo ina takriban asilimia 21. Tunaanza na oksijeni tupu, kisha gesi inaongezwa kidogo kidogo huku nikimuuliza mgonjwa anavyojisikia. Ndani ya dakika chache husema vidole vinawasha kidogo, miguu imekuwa mizito, au mwili unahisi joto la kupendeza. Hapo ndipo pa kusimama, kwani ukizidisha kichefuchefu huanza. Anabaki macho, anajibu, anameza mate mwenyewe. Kazi ikiisha anavuta oksijeni tupu kwa dakika kama 5, gesi inatoka kupitia mapafu, na mtu mzima aliyethibitishwa kuwa amerudi sawasawa kwa kawaida anaweza kwenda nyumbani bila msindikizaji. Ubora wa njia hii uko hapo: inaongezwa na kupunguzwa papo kwa papo. Udhaifu wake ni kwamba lazima mtu aweze kupumua kwa pua, kwa hiyo mwenye mafua makali aahirishe, na anayehisi kukabwa akifunikwa pua haitamfaa. Haitolewi kwa aliyefanyiwa karibuni upasuaji wa jicho ulioacha kiputo cha gesi ndani yake, wala kwa mwenye hewa iliyovuja kifuani nje ya pafu, na kwa kawaida huepukwa katika miezi ya kwanza ya ujauzito. Mwenye upungufu wa vitamini B12 naye atamke mapema.

Vidonge ni njia inayoonekana rahisi, na ndiyo maana nina tahadhari nayo kuliko wagonjwa wanavyotarajia. Dawa zinazotumika ni za jamii ya diazepamu, ambazo humezwa takriban saa moja kabla ya tiba, na nyakati nyingine dozi ndogo hutolewa usiku uliotangulia ili mgonjwa apate usingizi. Zinasaidia hasa mtu ambaye hofu yake huanza nyumbani na kumfanya ageuzie njiani. Lakini kidonge kikishamezwa hakirudi. Siwezi kukiongeza kwa usahihi wala kukipunguza, na dozi ileile inayomwacha mmoja akiwa macho makavu humlaza mwingine fofofo. Diazepamu hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo mtu anaweza kujiona mzima jioni wakati mikono na maamuzi yake bado ni mazito. Ndiyo maana haruhusiwi kuendesha gari, ni lazima afike na kuondoka na mtu mzima wa kumsindikiza, na ni marufuku kuchanganya na pombe au na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kusimamisha pumzi. Hata maji ya balungi yana madhara hapa, kwa kuwa huuzuia mwili kuvunjavunja baadhi ya dawa hizi na kuziacha zikolee katika damu. Kuazima kidonge cha jirani au cha ndugu, jambo ambalo nimelisikia mara nyingi mno, ni hatari ya kweli.

Kwa mwenye hofu kubwa, au kwa kazi ndefu kama kung'oa magego yaliyozama, njia ninayoiamini zaidi ni midazolamu, dawa ya jamii ileile ya diazepamu, kupitia mshipa. Ningependa wagonjwa wajue inavyofanyika, kwa sababu wengi hufikiri ni sindano moja inayozima taa. Kanula ndogo, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, huwekwa nyuma ya mkono au kwenye mkunjo wa kiwiko, klipu ya kupima oksijeni hubanwa kidoleni, na mkanda wa kupima shinikizo la damu hufungwa mkononi. (Rangi ya kucha tunaomba itolewe mapema, kwani inaweza kupotosha kipimo.) Dawa huingizwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 1 kwa wakati kwa mtu mzima na pungufu ya hapo kwa mzee, kisha tunasubiri dakika mbili hivi kabla ya kuongeza. Wakati huo ninaendelea kuzungumza naye. Ninaona mabega yakishuka, vidole vilivyokuwa vimekamata kiti vikifunguka kimoja kimoja, maneno yakianza kuburuta, kope zikishuka na kuinuka taratibu. Nikimwambia afungue mdomo, anafungua, ila kwa kuchelewa kidogo. Hapo dawa imetosha. Asipojibu ninapomwita, amepitiliza kiwango tulichokusudia, na kazi inasimama hadi hali irekebishwe.

Midazolamu pia humfanya mgonjwa asikumbuke sehemu kubwa ya yaliyotokea baada ya kuingizwa dawa. Kwa hiyo idhini husainiwa kabla, na maelekezo ya kutunza kidonda hutolewa kwa maandishi na kwa msindikizaji, kwa kuwa mgonjwa ataitikia vizuri kila nitakachomwambia na kesho asikumbuke hata neno. Kwa saa 24 haendeshi gari, hapiki juu ya moto bila mtu wa kumwangalia, hatii sahihi hati zenye uzito, na haachiwi watoto peke yake. Ipo dawa ya kuiondoa nguvu midazolamu, nayo ni flumazenili, ambayo lazima iwe chumbani. Lakini nguvu zake zinaweza kuisha kabla ya zile za midazolamu, hivyo aliyepewa hawezi kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa sababu tu amefungua macho.

Nusu kaputi ni jambo jingine kabisa. Hapo mtu hatulii tu. Anapoteza fahamu, mara nyingi anawekewa mpira wa kupitishia hewa, na anahitaji daktari wa nusu kaputi, vifaa vya hospitali, na kufunga kula kwa angalau saa 6 na maji kwa saa 2. Ina mahali pake: watoto wadogo sana wenye meno mengi yaliyooza, baadhi ya watu wenye ulemavu unaowazuia kushirikiana, upasuaji mkubwa wa taya. Kwa kuziba meno mawili ya mtu mzima mwenye woga, ninaona ni kuongeza hatari pasipo haja, na hulisema hilo waziwazi hata mgonjwa anaposhikilia.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu kati ya mtu aliyetulia na mtu aliyepoteza fahamu hakuna ukuta. Madaktari wa nusu kaputi hugawa safari hiyo katika ngazi 4, kuanzia utulivu mdogo hadi nusu kaputi kamili, na mgonjwa anaweza kuteleza kutoka moja hadi nyingine bila mtoa dawa kukusudia. Kwa hiyo anayetoa dawa lazima awe na uwezo wa kumwokoa mgonjwa aliyezama ngazi moja zaidi ya ile iliyolengwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: nani atakayeniangalia wakati wewe unashughulika na jino? Amefunzwa kumsaidia mtu aliyeacha kupumua? Oksijeni na dawa za dharura viko wapi? Daktari anayekerwa na maswali hayo, mtafute mwingine. Nawe mgonjwa usinifiche kitu: kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, ugonjwa wa ini au mapafu, ujauzito, dawa za usingizi unazomeza kila siku, pombe, dawa za kulevya. Siulizi ili nikuhukumu; kila moja kati ya hayo hubadilisha dozi au njia yenyewe. Kwa mtoto tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa njia yake ya hewa ni nyembamba na oksijeni hushuka haraka, hivyo mzazi asikubali mtoto apewe dawa ya kutuliza nyumbani kisha asafirishwe amelala.

Limebaki jambo linalonishughulisha kuliko mengine. Ile hali ya kusahau, ambayo mgonjwa huishukuru, ina gharama: asiyekumbuka tiba hajifunzi kwamba tiba ilivumilika, na anaweza kurudi mwaka unaofuata na hofu ileile, akitaka dozi ileile. Kwa hiyo ninapomtuliza mtu kwa dawa ya mshipani, huitumia nafasi hiyo kumaliza kazi nzito na za maumivu, kisha ninaandika kwenye faili lake kiasi kilichotosha, alichokiogopa na kilichomsaidia. Ziara inayofuata huipanga mapema na kuifanya fupi, kwa kawaida kusafisha meno au kuziba tundu dogo, akiwa na gesi puani peke yake na mkono wa kushoto ukiwa huru kuinuka, na mara kadhaa nimeombwa na mgonjwa mwenyewe, katikati ya kazi, nikiondoe kifuniko cha gesi kwa kuwa hakihitaji tena.