Piko la Harusi na Maji ya Moto ya Hakone

Harusi ya mdogo wangu ilikwisha Jumapili hapa Mombasa, na Jumatano nikapanda ndege kwenda Tokyo nikiwa bado nimepambwa hina na piko kutoka ncha za vidole hadi viwikoni. Safari ilikuwa ya kikazi, lakini nilikuwa nimejiwekea nafasi ya usiku mmoja katika hoteli ya kienyeji, ambayo Wajapani huiita ryokan, huko Hakone, milimani magharibi ya Tokyo, mahali panaposifika kwa chemchemi za maji ya moto. Nililipa yeni 34,000, karibu shilingi elfu thelathini za Kenya, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, na kwa hakika kilichonipeleka huko ni yale maji.

Nilifika saa tisa alasiri, wakati wageni wanapoanza kupokewa. Mlangoni nilivua viatu kama tuvuavyo nyumbani, na chumbani nikapokewa na harufu ya tatami, yale majamvi mazito ya nyasi yanayotandikwa sakafuni, harufu iliyonikumbusha mkeka mpya. Nilifurahi mno. Niliteremka mapokezi kuuliza saa za hamamu ya wanawake, maana nilikusudia kuingia alfajiri, baada ya kuswali, wakati ambapo aghalabu hapana mtu.

Mama aliyekuwa mapokezi aliitazama mikono yangu, kisha akaniwekea mbele kadi iliyoeleza kwa Kiingereza kwamba mwenye tatuu haruhusiwi kuingia majini. Kwa programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu nilimweleza kwamba hii ni rangi inayopakwa juu ya ngozi, kwamba hufifia yenyewe baada ya wiki moja au mbili, na kwamba kwetu ni pambo la harusi. Nililowesha kitambaa, nikasugua ua moja mgongoni mwa mkono mbele yake ili aone, lakini piko lile lilikuwa bado jipya, halikutoka hata chembe. Akamwita mkubwa wake. Wote wawili wakainama kwa heshima kubwa, wakaniletea vibandiko vya rangi ya ngozi ambavyo kimoja hakizidi kiganja, nami nilikuwa na mikono miwili ya kufunika. Mabafu ya faragha, ambayo mgeni hukodi kwa muda na kujifungia peke yake, yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa yote hadi kesho yake.

Chanzo cha katazo hilo nakielewa. Katika enzi ya Edo, yaani karne ya 17 hadi ya 19, wahalifu walichorwa alama mwilini kama adhabu, serikali ya Meiji iliyofuata ikapiga marufuku tatuu mwaka 1872, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1948, tatuu zimebaki kuhusishwa na magenge ya wahalifu yaitwayo yakuza. Mwaka 2015 Wakala wa Utalii wa Japani uliuliza hoteli na mabafu kuhusu jambo hili, na asilimia 56 ya waliojibu walisema huwakataa wenye tatuu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwanamke wa Kimaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, alizuiwa kuingia bafuni huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwa sababu ya michoro ya jadi ya usoni mwake. Kwa hiyo jambo hili si geni kwao, na hapo ndipo ninapolalamika: hoteli inayopokea wageni kutoka kila pembe ya dunia ingeliandika katazo hilo pale tunapolipia, nami ningeliahirisha kwenda, au ningeliomba bafu la faragha mapema. Kilichoniuma zaidi ni kwamba walinisikiliza hadi mwisho, wakaelewa kwamba si tatuu, kisha wakanijibu kwamba wageni wengine wangeidhania kuwa ni tatuu.

Chakula cha jioni sitakieleza kwa kirefu. Nilikuwa nimewaandikia kwamba sili nguruwe wala situmii kileo, wakakubali; kumbe wao walikusudia kileo cha kunywa, na mboga zilizochemshwa zilitiwa mirin, ambayo ni divai tamu ya mchele. Nilikula wali, samaki wa kuchoma na matunda. Usiku nililala kwenye godoro la sakafuni, dirisha wazi, nikisikia maji yakimiminika kule chini na wanawake wakicheka.

Asubuhi, katika hesabu niliyoletewa, palikuwa na kodi ya kuoga ya yeni 150, ambayo hutozwa wageni wa hoteli za chemchemi. Nilimwonyesha yule mama mstari ule, kisha nikamwonyesha mikono yangu. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaichukua karatasi na kuingia nayo ndani, na aliporudi aliniwekea kwenye kisahani kidogo sarafu ya yeni 100 na ile ya yeni 50 yenye tundu katikati.